SOMO: TUSIHUKUMU KABLA YA KUSIKIA

Tusome: Matendo 28:1–10, Yohana 7:45–51, Yakobo 2:1–4



Wengi wetu tukifika Kampala tunapita Nakivubo, kando ya uwanja wa mpira, kutafuta mitumba katika soko la Owino. Jina rasmi la soko hilo ni Mtakatifu Balikuddembe. Je, tunajua Balikuddembe alikuwa nani?

1. Mgeni aliyehukumiwa kwa njia aliyopitia

Mwaka 1885 Askofu James Hannington alikuwa safarini kwenda Buganda. Alipitia mashariki, upande wa Busoga. Watu wa Buganda waliogopa adui atakayeingia kwa upande huo, na habari za Wajerumani kushika nchi karibu na pwani zilikuwa zimemfikia Kabaka Mwanga. Askofu hakuitwa aeleze amekuja kufanya nini. Aliuawa tarehe 29 Oktoba, pamoja na wapagazi wake wengi.

Joseph Mukasa Balikuddembe, mtumishi mkubwa katika nyumba ya Kabaka, alimkemea bwana wake kwa kumwua mgeni bila kumpa nafasi ya kujitetea. Kemeo hilo lilikuwa mojawapo ya sababu za kifo chake mwenyewe. Aliuawa Nakivubo tarehe 15 Novemba mwaka huohuo.

2. Paulo katika kisiwa cha Malta

Meli imevunjika. Watu 276 wametoka majini wamelowa, hawana mzigo. Paulo anaokota kuni, nyoka anamshika mkono, na wenyeji wanasema huyu ni mwuaji. Wanapoona hafi, wanasema ni mungu. Wamemhukumu mara mbili kwa muda mfupi, na mara zote mbili wamekosea. Lakini tuangalie jambo hili: moto walikuwa wameuwasha kabla ya hukumu. Wageni wote waliuota.

3. Kwetu kambini

Familia mpya inashuka na turubai na sufuria. Kabla hawajasimamisha nguzo, tumekwisha kusema: "Kwa matamshi yake, huyu ni wa upande ule." "Nguo zake nzuri, si mkimbizi wa kweli." "Mama yule hasalimii, ana kiburi." Labda mama huyo hajui lugha yetu. Labda amezika mtoto njiani.

Wapendwa, wengi wetu tulikimbia kwa sababu watu walitazama sura zetu, wakasikia majina yetu, wakatosheka. Je, tumeikimbia hukumu hiyo, kisha tukaibeba ndani ya mizigo yetu?

Tahadhari si dhambi. Anayefunga mlango usiku hajamhukumu jirani yake. Lakini kumsukuma mgeni kwenye foleni ya maji, au kumpa jina baya ambalo watoto wetu watalirudia, hiyo ni hukumu. Nikodemo aliwakumbusha wakubwa wake kwamba sheria inataka mtu asikilizwe kwanza.

4. Tufanye nini?

- Tumsalimu mgeni kabla ya kumzungumzia.
- Tumwulize yeye, tusiwaulize majirani habari zake.
- Tukisikia neno baya juu yake, tuulize: "Wewe uliona, au uliambiwa?"

Maswali ya kujadili nyumbani

1. Ni nani jirani yetu ambaye hatujawahi kumsikiliza?
2. Watoto wetu wamejifunza jina gani baya kutoka kwetu?

Bwana atupe masikio ya kusikia. Amina.