Hesabu Pumzi Kwanza

Somo langu ni viuavijasumu, yaani dawa za kuua bakteria, kwa watoto wadogo.

Vumbi la Bulla Pesa likipanda, kila nyumba hapa Isiolo ina mtoto anayekohoa. Lakini si kila kikohozi ni nimonia. Mafua huletwa na virusi, na dawa hizi haziwezi virusi hata kidogo. Sasa tutajuaje? Mtoto akiwa ametulia, halii wala hanyonyi, hesabu pumzi zake dakika moja nzima. Wa miezi 2 hadi 11 akifika 50, au wa mwaka 1 hadi 5 akifika 40, mpelekeni hospitali upesi. Akishindwa kabisa kunywa au kunyonya, usingoje hata kuhesabu.

Amoksilini ya watoto huyeyushwa kwa maji kidogo, asubuhi na jioni, kipimo kikifuata uzito.

Mdogo wangu alipewa ya siku 5. Siku ya pili homa ikashuka, nyanya akasema, "Hii ingine tumwekee mtoto wa jirani."

"La, nyanya, yule ana uzito wake na ugonjwa wake."

Alininunia! Siku ya tano vidonge viliisha, na kijana yuko nje anafukuza mbuzi.