Msumeno wa Umeme Unaovuja Mafuta: Somo kwa Mafundi na Watunza Ghala

Msumeno wa mnyororo unaoendeshwa kwa umeme hautumii petroli. Kwa hiyo mafuta yaonekanayo chini yake ni ya aina moja tu, nayo ni yale ya kulainishia mnyororo. Jambo hili laonekana dogo, walakini laweza kumharibia mtu jina lake.

Chukua mfano wa chama chenye karakana ya madawati. Jumamosi jioni fundi ajaza tangi la msumeno, aurudisha ghalani, na daftari latiwa sahihi. Jumatatu tangi limepungua nusu. Rafu ni ya mbao kavu, nayo imenyonya kiasi kikubwa cha mafuta hata hakuna dimbwi la kumwonyesha mtu. Baada ya wiki chache, hesabu ya mafuta haikubaliani na kazi iliyofanyika, na kamati yaanza kumtazama mtunza ghala kwa jicho baya. Kabla ya kumwandikia barua, kamati haina budi kuufahamu msumeno wenyewe.

Ndani ya msumeno mna tangi dogo, mrija, na pampu ambayo aghalabu huzungushwa na mtambo uleule unaozungusha mnyororo. Pampu husukuma mafuta hadi kwenye tundu lililo ubavuni mwa bapa la chuma, yakaingia katika mfuo wake, na mnyororo ukayachukua. Msumeno ukisimama, pampu nayo husimama. Lakini mafuta yaliyokwisha kuingia katika mfuo na yaliyoshikwa na unga wa mbao chini ya kifuniko cha gurudumu la meno huendelea kudondoka. Matone hayo si ubovu. Ubovu ni mafuta kuendelea kutoka tangini.

Kuzitenganisha hali hizi mbili kwahitaji usiku mmoja. Kwanza kabisa plagi ichomolewe ukutani. Kuzima swichi peke yake hakutoshi, kwa maana mnyororo ukishtuka mkono ukiwa juu yake, kidole hakirudi. Kisha bapa na mnyororo viondolewe, unga wote ufutwe kwa brashi na kitambaa kikavu, tangi lijazwe, na msumeno ulazwe juu ya karatasi nyeupe kama unavyolazwa siku zote. Asubuhi karatasi isomwe. Ikiwa safi, yaliyokuwa yakidondoka ni mabaki tu. Doa likiwa chini ya mfuniko wa tangi, mpira wa mfuniko umechakaa au umekaliwa na chembe ya unga. Usafishwe au ubadilishwe. Doa likiwa upande wa gurudumu la meno, mrija umepasuka au umechomoka, au mpira wa pampu umekwisha. Doa la katikati ya tumbo la msumeno ndilo baya zaidi, kwani huenda tangi lenyewe lina ufa, na ufa wa plastiki iliyolowa mafuta haushiki gundi vizuri.

Iko sababu nyingine ambayo mafundi wengi huisahau. Ghala lenye paa la bati hupata joto kali mchana. Hewa iliyomo tangini hutanuka, na ikikosa njia ya kutokea huyasukuma mafuta nje kupitia pampu. Tundu la hewa la tangi likizibwa na uchafu, msumeno mzima kabisa utavuja. Tundu hilo lizibuliwe kwa uangalifu, wala lisipanuliwe kwa msumari.

Mafuta yenyewe nayo yachunguzwe. Yakiwa mepesi mno hupenya kwa urahisi. Oili chafu ya gari hupendwa kwa kuwa ni rahisi, lakini ina masizi na chembe za chuma zinazoila pampu, tena hudhuru ngozi ya mtumiaji. Mafuta ya kupikia yakikaa muda mrefu huganda kama gundi.

Uvujaji usiachwe kwa sababu tu kazi inaendelea. Mafuta yakichanganyika na unga hufanya tope linaloziba matundu ya kupozea mota, na mota isiyopoa huungua. Waya uliolowa mafuta kila siku huweza kulainika ganda lake, na ndani yake mna umeme wa volti 230.

Kuhusu daftari, msumeno urudishwe ghalani tangi likiwa tupu. Mafuta yaliyobaki yamiminwe katika chupa yenye alama za vipimo, na kiasi kilichotoka na kilichorudi kiandikwe mbele ya fundi na mtunza ghala, wote wawili wakitia sahihi. Siku ya kuutumia tena, tangi lijazwe, msumeno uwashwe, na ncha ya bapa ielekezwe kwenye ubao mweupe pasipo kuugusa. Mstari mwembamba wa mafuta ukitokea ubaoni, pampu inafanya kazi na ukataji waweza kuanza.