Mama Akiondoka, Nani Atabaki Naye?



Somo letu leo ni fupi: Yn 19:25–27. Tunalisikia kila Ijumaa Kuu, na mara nyingi tunaishia kusema kwamba pale msalabani Yesu alitupatia Mama. Ni kweli kabisa. Lakini kuna jambo la kawaida sana ambalo huwa tunalipita. Mtoto anayekaribia kufa anapanga nani atamtunza mama yake. Hakuliacha hilo likazungumzwe kwenye kikao cha ukoo baada ya maziko. Alilimaliza akiwa bado hai, kwa kumwonyesha mtu mmoja, mbele ya mashahidi. Na Mwinjili anasema yule mwanafunzi alimchukua Maria kwake tangu saa ile ile.

Somo hili limenigusa zaidi nikiwa huku Basotu, wilayani Hanang. Ukitembelea jumuiya zetu, kuanzia kandokando ya ziwa hadi kwenye mashamba ya ngano, utakutana na mtu wa miaka 30 au 40 mwenye ulemavu wa akili, anayeishi na mama yake mzee. Kijiji kizima kinamfahamu. Anateka maji, anachunga ndama, anacheka na watoto. Ila mambo yote yanayomfanya aishi vizuri yamo kichwani mwa mtu mmoja tu: dawa anakunywa saa ngapi, anaogopa nini, akikataa kula maana yake nini. Mama mmoja aliniuliza baada ya Misa, "Frateri, mimi nikifa, huyu mwanangu atabaki na nani?" Hilo si swali la huzuni tu, ni swali la kazi. Linahitaji jibu lenye majina ya watu.

Kwanza tuelewane. Ulemavu wa akili si ugonjwa wa akili. Mwenye ulemavu wa akili amezaliwa nao au ameupata akiwa mtoto: anajifunza polepole, na baadhi ya mambo atahitaji msaada maisha yake yote. Ugonjwa wa akili unaweza kumpata yeyote, umri wowote, na una matibabu. Mtu anaweza kuwa na vyote viwili. Wengi wana kifafa pia, na kifafa kina dawa, kwa hiyo asiachwe karibu na moto wala maji eti "ndivyo alivyo". Na yale maneno ya mtaani, taahira, zezeta, tuyaache. Ana jina, tena la ubatizo.

Katika falsafa tulisoma tafsiri ya Boethius, mwanafikra wa karne ya 6: nafsi ni kiumbe kimoja kamili chenye asili ya akili. Mtu anaweza kuuliza, sasa asiyeweza kuhesabu mpaka kumi naye ni nafsi? Angalia vizuri neno "asili". Halipimi alama za mtihani. Wewe ukilala usingizi hufikiri chochote, lakini hujaacha kuwa mtu. Paulo anakwenda mbele zaidi: katika 1Kor 12:22 anafundisha kwamba viungo vinavyoonekana dhaifu ndivyo mwili unavyovihitaji. Hasemi tuvihurumie. Anasema bila hivyo mwili haujakamilika.

Sasa, tufanye nini? Mahali pengine Wakatoliki wamejaribu kujibu. Huko Geel, Ubelgiji, tangu Zama za Kati watu walileta wagonjwa wao kwenye kanisa la Mtakatifu Dymphna. Nafasi zilipojaa, wenyeji wakawapokea majumbani, na desturi ikabaki. Mwaka 1938 zaidi ya watu 3,700 walikuwa wakiishi na familia za mji ule, wakiwemo wenye ulemavu wa akili. Familia hizo haziachwi peke yao: zinapata posho na wauguzi wanazitembelea. Karibu na sisi, Nyahururu nchini Kenya, Shirika la Mtakatifu Martin linaandaa watu wa kawaida wa vijijini wajitolee kuwa karibu na majirani wenye ulemavu, hapo hapo nyumbani kwao. Sehemu zote mbili, nyumba ya familia imesaidiwa na watu wengi.

Na sisi tuna watu hao. Tuna jumuiya ndogondogo, tuna WAWATA, tuna VIWAWA. Napendekeza mambo manne.

1. Muulize mwenyewe. Katika Mk 10:51 Yesu anamwuliza Bartimayo anataka afanyiwe nini, ingawa upofu wake ulikuwa wazi kwa wote. Kama haongei, muonyeshe vitu viwili, achague. Nchi yetu iliridhia mwaka 2009 Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu. Kifungu cha 19 kinampa haki ya kuchagua aishi wapi na nani, na kupata msaada ili aishi ndani ya jamii.

2. Fanya naye, usimfanyie. Kuosha kikombe ni hatua nne au tano. Mfundishe moja hadi aizoee, ndipo uongeze nyingine. Nenda naye mnadani kununua sabuni, lakini hela atoe yeye. Itachukua muda, ndiyo. Haraka hiyo ya kwetu inamnyang'anya mikono yake.

3. Watu watatu kabla ya msiba. Mama akiwa hai na mwenye nguvu, jumuiya ikae na familia ipate watu watatu watakaojifunza kumtunza. Waandike dawa, chakula, hofu na furaha zake. Aanze kulala kwao siku moja moja, ili siku ya msiba asipoteze mama na nyumba kwa pamoja. Nendeni wawili wawili na familia ijue, maana watu hawa ni rahisi kudhulumiwa. Mkiona dalili ya ukatili, toeni taarifa kwa Afisa Ustawi wa Jamii au polisi.

4. Altareni pia. Kanuni ya 777 ya Sheria ya Kanisa inamtaka paroko ahakikishe katekesi inawafikia wenye ulemavu wa mwili na wa akili, kwa kadiri hali yao inavyoruhusu. Kijana katekista, kuna mtu wa miaka 35 kwenye kigango chako ambaye hajawahi kuitwa kwenye mafundisho?

Zoezi la wiki: taja kwa jina mtu mmoja wa namna hii katika jumuiya yako. Mtembelee Jumapili alasiri, bila kamera na bila posti. Kaa naye saa moja. Kisha mwulize mama yake lile swali, nani anajua kumtunza zaidi yako? Akijibu "hakuna", umeshapata utume wako.

Tusali: Bwana Yesu, ukiwa katika maumivu ulimkumbuka mama yako na kumpatia nyumba. Utufanye kuwa nyumba kwa wale ambao wazazi wao wanalala na wasiwasi usiku. Utupe kuanza saa hii hii. Amina.