SOMO: KUPIMA MIMEA YA MAJINI KANDO YA MTO RUVUMA



Mtu asimamaye Shimo la Mungu, Newala, wakati wa kiangazi, huliona bonde la Ruvuma chini kabisa na kudhani kuwa mtoni hamna kitu ila mchanga na mamba. Sivyo. Kwenye mikono ya mto yenye maji yaliyotulia huota matete, mafunjo, yungiyungi na majani mengine mengi, ambayo huwapa samaki mahali pa kuzalia na kuzishika kingo zisimomonyoke. Vyama vya bondeni vyenye wanachama walimao mpunga au kuvua havina budi kuijua mali hiyo kwa hesabu, kama vijuavyo magunia ya korosho ghalani.

Iko sababu nyingine. Gugu maji, mmea uliotoka Amerika ya Kusini, ulionekana katika Mto Sigi mwaka 1955 na katika Mto Pangani mwaka 1959. Mwishoni mwa miaka ya 1980 ukaingia Ziwa Viktoria, ukazuia mitumbwi na kuziba magati. Penye joto na maji yenye rutuba, eneo lake huweza kuongezeka maradufu kwa wiki mbili hivi, na mbegu zake hudumu topeni miaka mingi. Basi afadhali kuukuta ungali shina moja. Huelea juu ya maji. Vikonyo vyake vimevimba kama puto, majani yang'aa, na ua ni la zambarau. Uzuri wa ua hilo ndio uliowafanya watu wausafirishe duniani kote.

Kazi ifanywe Agosti au Septemba, maji yakiwa yamepungua. Oktoba mizani ya korosho huanza, na hapo hakuna Katibu atakayekwenda mtoni, tusidanganyane.

Chagueni sehemu moja ya ukingo. Alama ya kuanzia iwe mti mkubwa au jiwe lililo juu ya kiwango cha mafuriko, kwa maana mchanga wa Ruvuma huhama kila masika, na kigingi cha mchangani hakitaonekana mwakani. Toka kwenye alama vuteni kamba yenye fundo kila mita 2 kuelekea majini. Penye kila fundo laza mraba wa mianzi, mita 1 kila upande. Pimeni kina kwa mti uliotiwa alama za sentimita. Andikeni kama chini ni mchanga, tope au mawe. Kisha kila mmea ulio ndani ya mraba, kwa jina la Kimakonde au Kiyao lijulikanalo kijijini. Usiojulikana ukaushwe kati ya magazeti, uhifadhiwe.

Hapa mkaguzi ana neno. Mraba usio na mmea uandikwe “hakuna”. Usiachwe wazi, kwani nafasi tupu katika daftari haisemi kama mmea haukuwapo au mwandishi hakufika, nayo yaweza kujazwa baadaye na mkono wowote. Katika mizani mtu huiba kilo. Katika daftari hili atatuibia mwaka mzima wa kulinganisha.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Tuseme miraba ni 20, na matete yamo katika 12: hiyo ni asilimia 60. Mwakani yakiwa katika 6, asilimia 30, wanachama waulizane ni nani aliyekata, au mto umehama.

Mtu asiingie majini peke yake, wala asivuke pale viboko na mamba wajulikanapo. Mahali hapo pasipimwe kabisa. Maji yaliyotulia penye majani ndiyo makao ya konokono wa kichocho. Tumieni mtumbwi, au viatu virefu vya mpira, na konokono waandikwe pia.

Nakala moja ipelekwe Mtwara, ofisi ya Bonde la Mto Ruvuma na Pwani ya Kusini, na ya pili ibaki katika faili la chama, ikiwa na sahihi za wapimaji wawili. Gugu maji likionekana, taarifa iende siku ile ile, bila kungoja daftari limalizike.