Kijiko cha Nyumbani Si Kipimo: Jua Kugeuza Vipimo Kabla ya Kunywesha Dawa

Ajuza mmoja kutoka Kivaa, huko Masinga katika Kaunti ya Machakos, aliniletea mjukuu wake wa mwaka mmoja na miezi michache. Mtoto alikuwa ameshikwa na homa siku mbili, na sasa alikuwa akitapika na kulegea. Nilimwuliza kama amempa dawa yoyote.

"Nimempa dawa ya homa, daktari, ile ya maji," alinijibu. "Kijiko kimoja asubuhi, kimoja mchana na kimoja jioni, vile nilivyoambiwa dukani."

"Ulitumia kijiko kipi, nyanya?"

Alitia mkono kikapuni akatoa kijiko cha kulia supu.

Msomaji mpenzi, ajuza yule hakuwa mzembe. Alifuata maagizo neno kwa neno. Aliambiwa kijiko kimoja, naye akatoa kijiko kimoja. Shida ni kwamba kijiko kilichokusudiwa na watengenezaji wa dawa hujaa mililita 5, hali chake kilijaa karibu mililita 15. Kwa kila kijiko kimoja mtoto alikuwa akinywa vijiko vitatu.

Wiki hii basi tutajifunza vipimo, na jinsi ya kuvigeuza kutoka aina moja hadi nyingine. Chukua kalamu na karatasi, kwani mwishoni nitakupa zoezi.

Hesabu ya kijiko

Tuanze na mtoto huyo. Alikuwa na uzito wa kilo 10. Dawa ya homa iitwayo parasetamoli hutolewa kwa kiasi cha miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo moja ya uzito wa mtoto. Kwa hivyo mtoto wa kilo 10 anahitaji miligramu 100 hadi 150 kwa mara moja, na asipewe zaidi ya mara nne kwa siku nzima.

Chupa aliyoinunua ajuza ilikuwa na miligramu 120 katika kila mililita 5. Kijiko cha dawa kingempa mtoto miligramu 120, ambacho ni kiasi barabara. Kile cha supu kilimpa miligramu 360. Mara tatu kwa siku ni miligramu 1,080, wakati ambapo hata angepewa kiasi cha juu kabisa mara nne, asingepita miligramu 600.

Parasetamoli ikizidi hivyo huunguza ini. Ubaya wake ni kwamba siku ya kwanza mtoto huenda asionyeshe dalili yoyote, au atapike tu kidogo, na mzazi akadhani ni ile homa. Huyu wetu alilazwa, akapimwa ini, akapewa dawa ya kuzuia sumu, na alipona. Tulipompima damu tukakuta kwamba ile homa ilikuwa ni malaria, ambayo parasetamoli haitibu hata ukitoa ndoo nzima.

Kumbuka basi:

Kijiko cha dawa (au cha chai, kama kinavyoandikwa kwenye chupa) ni mililita 5.

Kijiko kikubwa cha mezani ni mililita 15, yaani vijiko vitatu vya dawa.

Vijiko vya jikoni mwako havikutengenezwa kupimia dawa. Kimoja hujaa mililita 3, kingine 7. Tumia kijiko cha plastiki, kikombe kidogo au bomba lenye alama linalokuja na chupa. Kama halimo, liombe dukani au hospitalini. Bomba la sindano lisilotumika, bila sindano yenyewe, linafaa sana kwa mtoto mchanga. Alama zake husomwa kwa mililita moja moja na hata sehemu zake.

Jambo jingine: chupa mbili za dawa moja huweza kutofautiana nguvu. Moja huwa na miligramu 120 kwa mililita 5, nyingine miligramu 250 kwa mililita hizo hizo 5. Kwa hivyo usiseme, "Juzi nilimpa kijiko kimoja." Soma chupa uliyo nayo leo.

Ratili na kilo

Wakati wa ukoloni Waingereza walitupimia kwa ratili, wakia, futi na galoni. Baada ya uhuru Kenya ikahamia kwenye kilo, mita na lita. Lakini vipimo vya zamani havikufa. Viko katika mizani ya kuagizwa nje, katika vitabu vya kigeni na katika barua na simu za jamaa zetu walioko Marekani, ambako hadi leo mtoto akizaliwa hutangazwa kwa ratili, au paundi kama wengi wanavyosema.

Hesabu yake si ngumu. Kilo moja ni ratili 2.2. Kugeuza ratili kuwa kilo, gawanya kwa 2.2. Kugeuza kilo kuwa ratili, zidisha kwa 2.2. Mtoto aliyezaliwa na ratili 5 na nusu ana kilo 2.5, na aliye chini ya hapo huhesabiwa kuwa amezaliwa na uzito mdogo na huhitaji uangalizi.

Hapa sina budi kukiri kosa langu mwenyewe. Nilipokuwa daktari mchanga, katika hospitali moja ambayo sitaitaja, tulikuwa na mizani yenye safu mbili za namba, moja ya kilo na moja ya ratili. Usiku mmoja aliletwa mtoto wa mwaka mmoja mwenye homa kali. Nilitazama mshale, nikasoma 22, nikaandika kilo 22. Nikahesabu dawa ya sindano iitwayo jentamaisini kwa miligramu 7.5 kwa kila kilo, nikapata miligramu 165.

Sista aliyekuwa zamu, mama mtu mzima aliyefanya kazi hiyo kabla sijaanza shule, alisoma karatasi akaniangalia.

"Daktari," aliniambia kwa upole, "mtoto wa mwaka mmoja ana kilo 22? Huo si uzito wa mtoto wa darasa la kwanza?"

Tulirudi kwenye mizani. Mtoto alikuwa na ratili 22, yaani kilo 10. Kiasi chake kilikuwa miligramu 75. Dawa ile ikizidi huharibu figo na masikio, na mtoto angeweza kuponywa homa akabaki kiziwi. Tangu siku hiyo sipokei namba isiyo na jina nyuma yake. Ukiniambia "ishirini na mbili", nitakuuliza, "Ishirini na mbili nini?"

Msidhani ni sisi tu tunaokosea. Mnamo Julai 1983 ndege kubwa ya shirika la Air Canada iliishiwa na mafuta ikiwa angani kwa sababu wahudumu walichanganya ratili na kilo walipokuwa wakihesabu mafuta. Waliweka chini ya nusu ya kiasi kilichohitajika. Rubani aliishusha bila injini katika uwanja wa zamani huko Gimli, na kwa bahati hakuna aliyekufa. Waliokosea walikuwa wataalamu wenye vyeti.

Joto la mwili

Vipimajoto navyo ni vya aina mbili. Vingi hapa nchini husoma kwa Selsiasi, lakini viko vinavyosoma kwa Farenhaiti. Mzazi akiona namba 99 anaweza kudhani mtoto anachemka, kumbe yu salama.

Kugeuza Farenhaiti kuwa Selsiasi, toa 32, kisha gawanya kwa 1.8. Shika hizi tatu kichwani:

98.6 Farenhaiti ni 37 Selsiasi. Hilo ni joto la kawaida.

100.4 Farenhaiti ni 38 Selsiasi. Hapo ni homa, na mtoto wa chini ya miezi mitatu apelekwe hospitalini mara moja.

104 Farenhaiti ni 40 Selsiasi. Hiyo ni homa kali kwa yeyote.

Sukari ya damu

Wenye ugonjwa wa kisukari wasome sehemu hii mara mbili. Hapa Kenya sukari ya damu hupimwa kwa milimoli katika lita. Marekani huipima kwa miligramu katika desilita, yaani katika sehemu ya kumi ya lita. Ukitumiwa mashine kutoka huko, namba zake zitakuwa kubwa mara 18.

Mzee mmoja aliambiwa kliniki kwamba sukari yake kabla ya kula isipite 7. Mwanawe akamtumia mashine kutoka Marekani. Asubuhi ya kwanza mashine ikasoma 90. Mzee akashtuka, akameza vidonge maradufu. Kabla ya adhuhuri alikuwa akitetemeka, jasho likimtoka, na maneno yake hayaeleweki. Bahati nzuri jirani alimpa chai yenye sukari nyingi kabla ya kumleta kwetu.

Gawanya 90 kwa 18, unapata 5. Sukari ya mzee ilikuwa nzuri kabisa. Wasiwasi wa namba nusura umwue. Jua pia kwamba 70 ya Kimarekani ni takriban 3.9 ya kwetu, na chini ya hapo sukari imeshuka mno.

Maji, debe na gorogoro

Kivaa na vijiji vya jirani wengi huchota maji kwa mitungi ya lita 20, wakaibeba kwa punda au mgongoni. Dawa nyingi za kutibu maji zimepimiwa mtungi huo. Debe la zamani lilikuwa la galoni 4 za Kiingereza, takriban lita 18, na tofauti hiyo ni ndogo. Lakini usitie kiasi cha mtungi katika ndoo ya lita 10, wala kiasi cha ndoo katika pipa. Na kama maji ni ya matope, yaache yatulie, uyachuje kwanza, kisha ufuate maelezo ya pakiti kuhusu maji machafu.

Penye kuhara, kipimo cha maji ni uhai. Pakiti za chumvi ya kurudisha maji mwilini ziko za nusu lita na za lita moja. Chupa ndogo ya soda hujaa mililita 300. Ukimimina pakiti ya lita moja humo, chumvi itazidi zaidi ya mara tatu, na badala ya kumsaidia mtoto itamdhuru. Ukizidisha maji nayo, hayatamfaa. Chupa mbili za mililita 500 ndizo lita moja kamili. Ukikosa pakiti, changanya lita moja ya maji safi na vijiko 6 vidogo vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa sawa na ukingo, si vya mlima.

Ama gorogoro, hicho ni kipimo cha ujazo. Hata tukiita "kilo mbili", gorogoro ya maharagwe na ya unga hazina uzito sawa. Sokoni hilo halina neno, lakini kwa dawa usipime kwa macho wala kwa mkebe.

Kidogo kisichoonekana

Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Katika sumu, hata haba moja yatosha. Gramu moja ni miligramu 1,000, na miligramu moja ni mikrogramu 1,000. Mahindi yanayoruhusiwa kuliwa nchini yasiwe na zaidi ya mikrogramu 10 za sumu ya kuvu, aflatoksini, katika kila kilo. Gunia zima la kilo 90 basi lisipitishe mikrogramu 900. Hiyo haifiki miligramu moja!

Hatukusahau mwaka wa 2004, wakati mahindi yenye sumu hiyo yalipoua watu 125 kati ya wagonjwa 317 huko Makueni, Kitui, Machakos na Thika. Macho hayawezi kupima kitu hicho. Kausha mahindi vyema juu ya turubai, usiyaanike mchangani, na yakiota kuvu usile wala usimpe mfugo.

Zoezi la nyumbani

1. Mtoto ana ratili 33. Ana kilo ngapi?

2. Kipimajoto kinasoma 102.2 Farenhaiti. Ni ngapi kwa Selsiasi?

3. Mashine ya Kimarekani inasoma sukari 144. Ni milimoli ngapi?

4. Dawa ina miligramu 250 katika mililita 5. Mtoto ameandikiwa miligramu 125. Utampa mililita ngapi?

Majibu: (1) kilo 15. (2) 39. (3) 8. (4) mililita 2 na nusu.

Ukiyapata yote, mfundishe na jirani. Ukikosa moja, rudia, na unapopewa dawa mwambie mhudumu akuonyeshe kwa kidole alama ya kufikisha. Mhudumu mwema hatakasirika, kwani kuuliza si ujinga.

Yule ajuza alirudi kliniki baada ya wiki mbili, mjukuu akicheka mgongoni. Alinionyesha bomba la plastiki alilolifunga kwa uzi kwenye shingo ya chupa ya dawa. Kijiko cha supu, alisema, kimerudi kwenye supu.