SOMO: Mashine ya Kupozea Maji Ikizeeka

Somo la leo ni la vikundi vya maziwa hapa Gatuanyaga na pande zote za Thika.

Kikundi kimoja ninachokitembelea kina mashine kuukuu ya kupozea maji, ile yenye mabomba ndani ya tangi. Mchana kutwa barafu hugandia mabomba, na maziwa ya jioni yakifika, pampu huzungusha yale maji baridi kuzunguka mitungi. Mwaka jana maziwa yalianza kukataliwa asubuhi. Mama mmoja alirudi nyumbani na lita 15 zimechacha, na hizo ndizo zilikuwa fee ya mtoto. Fundi akaitwa, akaongeza gesi. Majuma matatu baadaye, gesi tena. Kamati ikaanza kuongea habari ya mkopo wa mashine mpya.

Ngojeni kwanza. Nunueni themometa, halafu fungueni kifuniko mtazame barafu kabla maziwa hayajafika.

Maji yakiwa kati ya digrii 0 na 2 na bado maziwa ni moto, mashine haina kosa. Tazameni pampu na chujio lake. Barafu ikiwa nene lakini maji yana joto, basi maji hayakorogwi. Barafu ikiwa nyembamba kila mahali, nendeni nyuma ya mashine, pale feni inapopuliza mabati membamba yaliyopangwa kama kurasa za kitabu. Hapo ndipo joto lililotolewa kwenye maji hutupwa nje. Vumbi la barabara zetu na manyoya ya kuku yakiziba hapo, joto halitoki. Zimeni stima kwenye swichi kubwa, msafishe kwa brashi laini. Hata mtoto wa shule anaweza kufanya hiyo kazi, mradi mtu mzima amesimama hapo.

Lakini barafu ikishika sehemu ya mabomba tu na kwingine ni wazi, mara nyingi gesi imepungua. Na hapa wengi tunadanganyika. Gesi haichakai wala haiishi kama mafuta ya taa. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, kwa hivyo ikipungua kuna tundu. Kuongeza bila kuziba ni kumwaga pesa, na gesi za mashine kuukuu huharibu tabaka la ozoni, ndiyo sababu mataifa yalifanya mkataba wa Montreal mwaka 1987. Tafuteni doa la mafuta kwenye viungo vya mabomba, kisha mpake povu la sabuni muone kama litatoa mapovu. Kufungua bomba ni kazi ya fundi, si yenu. Mwambieni azibe kwanza, ndipo ajaze.

Kikundi chetu walipata doa hilo kwenye kiungo kimoja. Kikazibwa. Hata hivyo, maziwa bado hayakupoa sawasawa! Ndipo tukafungua daftari la karani.

Kupoza lita 100 za maziwa kutoka digrii 30 hadi 4 huyeyusha karibu kilo 32 za barafu. Wakati mashine ilipokuwa ikitosha, walileta lita 300 jioni, yaani kilo 95 hivi. Sasa walikuwa wanaleta 480, ambayo ni zaidi ya kilo 150. Ng'ombe walikuwa wameongezeka, na mashine ni ile ile. Hakuna fundi angeweza kutengeneza hilo.

Mkopo hawakuchukua. Kila mwanachama sasa hutia mtungi wake kwenye beseni la maji ya kisima mara tu anapomaliza kukama, akibadilisha maji mara moja. Maziwa yakifika yakiwa digrii 24 badala ya 30, kazi ya barafu hupungua karibu robo. Wale wa mbali wanaleta mapema, saa kumi na moja, na karani anapima joto la kila mtungi kabla ya kuandika lita.