Barua "ya" nani? Maneno ya mnada na -a unganifu

Neno mnada tumelipata kwenye Kiarabu, katika mzizi wenye maana ya kuita. Mzizi huohuo umetupa kunadi, na mnadi, mtu anayepita akitangaza bidhaa kwa sauti. Kifaransa kimeangalia upande mwingine wa jambo: enchère inatokana na cher, yaani ghali. Kilatini nacho kilisema auctio, tendo la kuongeza. Kwa hiyo Mlatini alitazama hesabu inavyopanda, Mfaransa akatazama bei, na sisi tukasikiliza mdomo wa mwuzaji. Nadhani sisi ndio tuliokaribia ukweli, hasa tukizungumzia ule mnada unaouza saini za watu mashuhuri, barua za kale na vitu vya wasanii. Humo mnunuzi hulipia maneno kwanza, kitu baadaye.

Tuchukue mfano unaojulikana. Gauni alilovaa Marilyn Monroe mwaka 1962 alipomwimbia Rais Kennedy wimbo wa siku ya kuzaliwa liliuzwa mnadani mwaka 1999 kwa zaidi ya dola milioni 1.2, na tena mwaka 2016 kwa dola milioni 4.8. Hakuna mshonaji anayeweza kupandisha bei ya kitambaa namna hiyo. Kilichopanda bei ni sentensi moja, "hili ndilo gauni lile", pamoja na picha na karatasi zinazoithibitisha. Ondoa sentensi hiyo, unabaki na nguo kuukuu ambayo haimtoshi mtu mwingine.

Ndiyo maana nawaalika wenzangu wa isimu kusoma katalogi za mnada. Ni aina ya matini ambayo hatufundishwi darasani, ingawa kila kihusishi ndani yake kina bei yake.

Tuanze na barua. Wauzaji wa Kifaransa wana vifupisho vya zamani ambavyo mgeni huvipita bila kuviona. L.A.S. ni barua ambayo mwenyewe ameiandika kwa mkono wake na kuitia saini. L.A. ni ya mkono wake, lakini haina saini. L.S. ina saini yake, lakini maneno yaliandikwa na mtu mwingine, mara nyingi karani. Kwa hati zisizo barua, L inageuka P: P.A.S., P.S. Kati ya L.A.S. na L.S. kuna herufi moja tu, nayo inaweza kuporomosha bei kabisa, hasa kwa wafalme na majenerali, ambao walitia saini maelfu ya karatasi zilizoandikwa na wengine. Napoleon ni mfano mzuri: karatasi zenye saini yake ni nyingi, lakini barua ndefu ya mkono wake mwenyewe ni kitu kingine kabisa. Angalieni pia kwamba autographe kwa maana hiyo ya Kifaransa si saini. Ni mwandiko. Anayetafsiri neno hilo kwa "saini" ameshaharibu katalogi nzima kabla hajafika ukurasa wa pili.

Sasa tujaribu kuandika katalogi hiyo kwa Kiswahili. Hapo tunakutana na rafiki yetu -a unganifu. "Barua ya Lumumba" maana yake nini? Inaweza kuwa barua aliyoiandika, au aliyoipokea, au inayomhusu, au aliyokuwa nayo mfukoni. (Lumumba alikuwa karani wa posta mjini Stanleyville, Kisangani ya leo, kwa hiyo hata barua iliyopitia dirishani kwake mtu mjanja angeiita "ya Lumumba" bila kusema uongo wa kisarufi.) Mazungumzo ya kila siku hayasumbuliwi na utata huu, kwa sababu anayesikiliza anajua habari yenyewe. Mnadani utata huo ni pango la wezi.

Lakini lugha iliyotupa tatizo imetupa pia dawa, nayo ni mnyambuliko wa kitenzi. "Barua aliyoandika Lumumba" na "barua aliyoandikiwa Lumumba" zinatofautiana kwa viambishi viwili vifupi, cha kutendea na cha kutendwa, na hapo mwandishi na mpokeaji wameachana kabisa. Kifaransa kinahitaji kubadilisha kihusishi, sisi tunabadilisha mwisho wa kitenzi. Kwa ile L.S. ningependa kutumia kutendesha, "barua aliyoandikisha", yaani aliyomfanya mwingine aandike. Bahati mbaya kuandikisha kumeshachukuliwa na ofisi za shule na za uchaguzi, na msomaji atafikiri barua imesajiliwa. Basi tuseme kirefu: "imeandikwa na karani, saini ni yake". Wanaopenda vifupisho wanaweza kutumia B.M.S. kwa barua ya mkono wake yenye saini, B.M. ikikosa saini, na B.S. kama mkono ni wa mwingine. Natoa pendekezo tu. Walimu wetu watalipima.

Kuhusu saini yenyewe Kiswahili kina mtego mzuri. Tunasema saini, neno lililotoka Kiingereza, na mtaani tunachukua kitenzi cha Kifaransa tukakitanguliza ku- bila aibu. Lakini kamusi inalo pia neno la Kiarabu, sahihi, ambalo kama nomino ni alama ya mkono na kama kivumishi ni kitu kilicho kweli. "Sahihi hii si sahihi" ni sentensi kamili, na ndiyo habari ya nusu ya biashara hii. Mashabiki wa Beatles wanaijua. Miaka ya 1960 maombi yalikuwa mengi mno, na wasaidizi wao, Neil Aspinall na Mal Evans, walisaini picha kwa niaba ya vijana wale wanne. Karatasi hizo ni za wakati uleule, zimetoka mikononi mwa watu waleule waliokaa nao, na wino umezeeka inavyopasa. Maabara haitaona kosa lolote. Kasoro iko katika neno moja la maelezo: saini "za" Beatles, au zilizotiwa "kwa niaba ya" Beatles?

Kuna wakati kosa la lugha linakuwa kubwa kama mlima na bado mnunuzi halioni. Kati ya mwaka 1861 na 1869, mjini Paris, Denis Vrain-Lucas alimwuzia Michel Chasles hati zaidi ya 27,000. Chasles hakuwa mjinga. Alikuwa mtaalamu mkubwa wa jiometri na mjumbe wa Chuo cha Sayansi cha Ufaransa. Aliuziwa barua za Pascal, za Galileo, za Aleksanda Mkuu, za Kleopatra kwa Kaisari, hata za Maria Magdalena na za Lazaro. Zote kwa Kifaransa. Kleopatra alimwandikia Kaisari habari za mtoto wao kwa lugha ambayo ilikuwa haijazaliwa bado!

Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa isimu ya kihistoria angecheka. Hata hivyo, mjadala haukuanzia kwa Kleopatra. Mwaka 1867 Chasles alipeleka mbele ya wenzake barua zilizoonyesha kwamba Pascal ndiye aliyegundua nguvu ya uvutano kabla ya Newton. Waingereza walijibu kwa tarehe: Newton alizaliwa mwishoni mwa 1642, sasa Pascal angewezaje kujadiliana mambo hayo na mtoto wa miaka kumi na mmoja? Vrain-Lucas kila alipobanwa alileta barua mpya ya kuziba pengo la ile ya zamani. Mwaka 1870 alihukumiwa kifungo cha miaka miwili.

Kwa nini Chasles aliamini? Alitaka kuamini, hilo ni wazi, kwani Pascal alikuwa Mfaransa. Lakini kulikuwa pia na hadithi ya asili ya vitu. Mghushi alisema vilitoka katika mkusanyiko wa familia ya kikabaila iliyokimbia Mapinduzi. Hadithi ya umiliki, yaani nani alimpa nani mpaka kitu kikafika hapa, ndiyo nasaba ya kitu. Mtu aliyezoea nasaba za watu anajua zinavyotengenezwa: majina ya juu na ya chini huwa imara, na pengo huwa katikati.

Ufaransa iliona hatari ya maneno haya kiasi cha kuyawekea sheria. Amri ya tarehe 3 Machi 1981 inaeleza kila usemi wa muuzaji unamfunga kwa kiasi gani. Jina la msanii likitajwa peke yake, muuzaji anathibitisha kwamba msanii huyo ndiye aliyefanya kazi. Akisema attribué à, ambayo naitafsiri "inayodhaniwa kuwa ya", anathibitisha kwamba kazi ni ya wakati wa msanii na kwamba kuna sababu nzito za kumdhania yeye. Akisema atelier de, kazi ilitoka karakanani kwake au chini ya uongozi wake. Akisema d'après au dans le goût de, hathibitishi chochote: si mtu, si tarehe. Sijui somo zuri zaidi la semantiki. Hapa serikali imekaa chini na kuandika kamusi ya vihusishi, na anayekosea kihusishi anaweza kupelekwa mahakamani.

Amri hiyo ni ya Ufaransa, haivuki mpaka. Lakini naichukua kama mizani, kwa sababu nataka kupima nayo maelezo ya fungu moja lililotangazwa Ubelgiji, na ambalo ndilo lililonifanya niandike.

Mwezi wa Desemba 2022 nyumba moja ya mnada mjini Brussels ilitangaza fungu la mafuvu matatu ya binadamu yaliyotoka Kongo enzi za ukoloni. Bei ya kukadiria ilikuwa euro 750 hadi 1,000 kwa yote matatu. Watu walipaza sauti, fungu likaondolewa kabla ya siku ya mauzo, na nyumba hiyo ikaomba radhi. Magazeti yaliandika hayo kwa wingi, sirudii. Mimi nataka kusoma maelezo yenyewe. Fuvu mojawapo lilikuwa na pambo kwenye paji la uso, na lilielezwa kuwa la chifu Mwarabu Muine Mohara, aliyeuawa na Sajini Cassart tarehe 9 Januari 1893.

Muine ni nini? Msomaji wa Kifaransa ataona jina la kwanza, kama Jean au Paul. Sisi hatuwezi kuona hivyo. Waandishi wa Kibelgiji waliandika ui mahali petu pa wi, na sauti ny iliwasumbua; vitabu vya Kiingereza vya vita vile vina Munie kwa mtu huyohuyo. Tukirudisha herufi mahali pake tunapata Mwinyi, cheo cha heshima cha pwani, ndugu wa mwenye na mwenyewe. Inawezekana pia waliomzunguka walitamka Mwine au Mwene, kwa sababu lugha nyingi za huku bara zina cheo hicho, na mzizi ni uleule wa Kibantu wa umiliki. Kwa vyovyote si jina la kubatizwa. Ni "bwana", na aliyemwita hivyo alikuwa anamheshimu.

Neno la pili la kupimwa ni "Mwarabu". Vita vya 1892 hadi 1894 Wabelgiji waliviita vya Waarabu, lakini jina hilo walimpachika kila aliyevaa kanzu na kufanya biashara upande wa Lualaba, wakiwemo waungwana Waafrika. Katalogi ya mwaka 2022 ililirudia neno la askari wa mwaka 1893 kama lilivyo. Mohara alikuwa mkubwa wa Nyangwe, Maniema. Hatumtakasi: Nyangwe ilikuwa soko la watumwa, na mabibi zetu wangeweza kuwa katika minyororo ile. Lakini Kiswahili ninachoandikia hapa kilipanda mto pamoja na watu wa namna yake, na Kingwana, jina la zamani la Kiswahili cha Kongo, limetokana na waungwana hao.

Neno la tatu ni lile dogo: de, yaani "la". Fuvu "la" Mohara. Kwa mizani ya 1981, mchoro ukitajwa hivyo lazima muuzaji awe na hakika. Lakini je, jina lililorithiwa pamoja na fuvu linatosha kuwa hakika? Huenda ni yeye. Huenda pia askari alitaka kumbukumbu yake iwe ya mtu mkubwa, jambo la kawaida kwa wakusanyaji wa mifupa na wa saini vilevile. Usemi wa haki ungekuwa "linalodhaniwa kuwa la", na kudhania huko kungedai utafiti: kumbukumbu za jeshi, vipimo vya maabara, na maswali kwa familia za Nyangwe na Kasongo zinazotaja Mohara katika nasaba zao.

Sarufi yetu ina jambo la kuongeza. Fuvu liko katika ngeli ya li-/ya-, pamoja na jiwe na jembe. Maiti, katika Kiswahili sanifu, huchukua a-/wa-: maiti ameoshwa, maiti amezikwa. Mtu hata akifa, upatanisho wake haujafa. Nikipewa kazi ya kuandika maelezo ya fuvu lile kwa ajili ya jumba la makumbusho au kwa watakaolirudisha, ningeanza na mtu, si na kitu: "Mtu anayedhaniwa kuwa Mwinyi Mohara wa Nyangwe, aliyeuawa tarehe 9 Januari 1893 na ambaye hajazikwa." Neno fuvu lingekuja katika sentensi ya pili, pamoja na vipimo, pambo la kwenye paji, na majina ya wote waliolimiliki tangu Cassart hadi Brussels.